Macho Yako ya Nyuma

Ziwa la Korongo,
mwezi wa pili, baridi bado kali.

Kwako Lorne, mjukuu wangu,

Huna haya. Misimu miwili ya baridi imepita hujakanyaga hapa, na wiki tatu hizi hata simu hupokei. Nikipiga inalia wee, mpaka yule mwanamke wa kwenye mashine anaanza kunisemesha Kiingereza, nami namjibu kwa Kikrii, lugha yetu, aende zake. Nyumba hii imekukosea nini? Hata mbwa uliyeniachia ameacha kulala mlangoni kukungoja, siku hizi analala kwenye viatu vyangu. Basi nimeona niandike, maana barua haikatiki katikati.

U mzima? Unakula, au unakunywa ule uji wa unga wa kwenye kopo wanaowapa? Kichwa kimeamkaje leo? Mimi mzima, ni goti la kushoto tu linalonipigia kelele. Binamu yako Charlene kajifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti kama king'ora. Jirani yetu Ambrose hajambo na anakusalimu. Bado anakuja kutazama mechi zako kwangu, na bado anaondoka na mkate wangu uliobaki.

Naandika kwa herufi zetu hizi, alizonifundisha mama kwa mkaa juu ya gome la mti. Shule unajua sikwenda. Ndege ya serikali ya kukusanya watoto kuwapeleka shule za bweni za mbali ilipokuja, baba alinificha msituni, na mwaka uliofuata akanificha tena, mpaka wakanisahau. Nawe nilikufundisha herufi hizi kwa kidole kwenye kioo cha dirisha kilichoganda. Kwa hiyo soma polepole, na usimpe mtu akusomee.

Lorne, kazi yako hii ya kucheza magongo juu ya barafu, miaka kumi na minne sijaielewa. Miaka mitano ya kulala kwenye mabasi ukicheza kwenye vijiji vya watu, miaka tisa kwenye ligi kubwa, na bado sielewi. Mtu anakichapa kile kidude cheusi, kigumu kama jiwe, nawe unajitupa mbele kikupige wewe kisimfikie kipa. Nikamuuliza Ambrose kama kipa hana mikono. Akaniambia, shangazi, ndiyo kazi ya beki hiyo, mshambuliaji anafunga anakumbatiwa, beki anang'oka meno na hakuna anayemkumbuka. Nikamwambia afunge mdomo ale. Halafu ukigongwa ukutani watu elfu kumi na nane wanasimama na kushangilia, na mimi sijui kama wanakupenda au wanataka ufe.

Na ile siku nilipokuona umekaa juu na suti na tai, wenzako wako chini wanagongana! Nikatoka nje nikatangaza kwamba umepandishwa cheo, sasa wewe ni bosi. Nikakaanga samaki, nikagawa nyumba kumi. Charlene ndiye aliyekuja kunieleza, huku anacheka na kushika tumbo lake, kwamba suti anavaa yule aliyeachwa nje ya timu siku hiyo. Hadi leo simwamini vizuri. Mtu anaadhibiwaje kwa kuvishwa nguo nzuri? Samaki wangu walishaliwa, lakini.

Kitu kimoja tu cha kazi yako ninakielewa, nacho ni kule kurudi kinyumenyume. Yule mzee wa kutafuta wachezaji aliyekuja kukutazama ukiwa na miaka kumi na mitano aliniambia hajaona kijana anayeteleza kwenda nyuma hivyo, akataka kujua nani alikufundisha. Ningemwambia nini? Kwamba tulipokuwa tukitoka kutega nyavu chini ya barafu, mimi nimekaa juu ya sleji, ule ubao wa kuburuta, pamoja na samaki, wewe na viatu vyako vya chuma vya kuteleza unaivuta huku umenigeuzia uso, kwa sababu ulikuwa na maneno mengi na ulitaka kuniona nikicheka? Wewe ulikuwa hutazami unakokwenda hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa naona kilichoko nyuma yako. Nikisema kulia, unakwenda kulia. Nikisema ufa, unasimama. Hukuwahi kuniuliza kama nina hakika.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na kalamu inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho, ile wiki yenu ya mapumziko katikati ya msimu? Labda hukumbuki, na hilo ndilo linaloniumiza. Ilikuwa adhuhuri, jua linang'aa. Ulikwenda peke yako kwenye wavu, hatua mia mbili tu toka ufukweni, kazi uliyoanza ukiwa na miaka minane. Nikiwa dirishani nikakuona unapakia samaki, unafunga kamba, halafu unaondoka kuelekea katikati ya ziwa. Nikafikiri unatania. Ukaendelea. Nikatoka bila kofia, nikakufuata na goti hili, nikakuuliza unakwenda wapi. Ukaniambia, naenda nyumbani, Bibi, kwani huoni moshi?

Moshi haukuwepo, Lorne. Mbele yako palikuwa na weupe mtupu.

Nilipokugeuza ukaiona nyumba, ukakaa juu ya samaki ukalia. Ukasema mambo hayo yanakupata tangu ulipogongwa mwezi wa kumi na moja, taa zinakuchoma, mara nyingine unasahau upande mnaoshambulia. Ukaniapisha nisimwambie mtu. Msimu mmoja tu, Bibi, ulisema. Nikaapa. Mimi nimekulia kwenye kufichwa, kunyamaza nakujua. Msimu mmoja ukawa miwili. Kila ulipogongwa nilifunga macho, na Ambrose akafikiri nasinzia.

Halafu mwezi uliopita simu ikalia. Mwanamke, akasema yeye ni daktari wa timu yako. Charlene alikuwepo, akawa ananitafsiria. Alisema vipimo vyako havimridhishi lakini wewe unakana kila kitu, unasema ni usingizi tu. Alisema wewe mwenyewe umempa namba yangu, eti muulize Bibi, yeye atakwambia sina tatizo.

Nikakaa na ile simu sikioni. Charlene akaniambia, Bibi, anangoja. Nikamwambia na angoje.

Nikamwambia yule daktari, Lorne. Nilimweleza wavu, moshi, taa, mwezi wa kumi na moja, kila kitu. Charlene alikuwa analia huku anatafsiri. Daktari akanishukuru, nami nikamkatia simu, kwa sababu nilijisikia kama nimekuuza.

Ni mimi. Si vipimo vyao, si mchezaji mwenzako. Kama umekaa huko unajiuliza nani alisema, acha kujiuliza.

Na jioni ile wakatangaza kwenye televisheni kwamba hutacheza tena msimu huu, una jeraha la sehemu ya juu ya mwili. Ambrose akasema litakuwa bega. Nikammiminia chai. Najua ni sehemu gani ya juu.

Lakini hadi leo kuna neno nalizungusha na sipati pa kuliweka. Ulimpa namba yangu ili niseme uongo, au ulimpa kwa sababu unajua siwezi? Asubuhi naamini la kwanza, nakuona umekasirika, nasema sitamwona tena mtoto huyu. Nikishaosha vyombo naamini la pili. Huenda hata wewe hujui. Nilichojua mimi ni kwamba ulikuwa unarudi kinyumenyume, umenitazama, na nyuma yako niliona ufa. Ningefanya nini? Nikasema ufa.

Chukia ukitaka, lakini chukia ukiwa hapa, mezani kwangu, na sahani mbele yako. Charlene anakusalimu. Mtoto tumempa jina la mama yako. Msalimie daktari yule, na mwambie kupiga simu wakati mtu anapara samaki si adabu.

Barafu itashika mpaka mwezi wa nne. Ukishuka kwenye ndege, Ambrose atakuja na pikipiki yake ya theluji kukubeba. Mkatalie. Tembea. Nimechomeka matawi ya misonobari juu ya ziwa, toka uwanja wa ndege hadi mlangoni kwangu, kila hatua thelathini tawi moja, kwa mikono yangu hii. Usitafute moshi. Fuata matawi, moja baada ya jingine, na ukifika kwenye tawi ambalo huoni linalofuata, simama hapohapo, usiongeze hata hatua moja. Nitakuwa dirishani. Nitakuja kukuchukua.

Bibi yako,
Philomène