Bastola Tatu za Baba

West Plains, Missouri
4 Septemba 1989

Mdogo wangu Orrin,

Salamu nyingi. Hujambo wewe na magoti yako? Mimi mzima, ila kichwa kinanitoroka. Juzi nilitia chumvi kwenye kahawa nikainywa yote.

Jana nilizitoa bastola zote tatu za Baba. Ni za kuiga bastola za karne iliyopita, lakini baruti ni ileile nyeusi, na moshi wake umenifurahisha kama zamani. Bado nasema ile iitwayo Navi ndiyo malkia, inakaa mkononi utadhani inakusalimia. Hiyo Remingtoni unayoisifia ina nguvu, sawa, lakini raundi tatu tu masizi yanaikaba, silinda inagoma kama wewe mbele ya vyombo vichafu. Ile fupi ni kelele tupu.

Njoo Oktoba tushindane, kabla sijasahau ipi ni ipi. Natania, lakini naogopa.

Dada yako,
Nadine

Scottsbluff, Nebraska
20 Septemba 1989

Dada,

Shikamoo. Magoti yanalia, mengine salama.

Malkia gani huyo anayemeza vipande vya fataki za kuwashia baruti na kukwama? Mwaka jana nani alimchokonoa kwa pini ya nywele?

Oktoba siwezi, naendesha lori la mavuno ya bitiruti. Nitakuja Aprili. Na usisahau maji ya moto na sabuni. Baba ana miaka kumi na minane kaburini, lakini bado namsikia: bastola chafu, hakuna kula.

Mdogo wako,
Orrin

West Plains
12 Novemba 1989

Orrin,

Hujambo? Mimi sijambo sana.

Nilikungoja Oktoba nzima. Nilioka mkate wa mahindi Jumamosi nne. Ulisema unakuja, au sivyo?

Bastola zimeota kutu. Nilidhani kuna mtu ameniharibia. Jirani yangu Hazel anasema nilizipiga mwenyewe nikaziacha na masizi yake. Sikumbuki. Amezichukua kuzifungia kwake, nami nimelia.

Usingoje Aprili.

Dada yako,
Nadine

Scottsbluff
24 Novemba 1989

Dada yangu,

Shikamoo. Bitiruti zilikwisha wiki tatu zilizopita. Sikuja kwa sababu niliogopa kukuona ukiwa hivyo. Nisamehe.

Nitafika Jumamosi, tarehe mbili. Kutu tutaisugua pamoja. Na sikiliza, Navi ndiyo malkia. Umeshinda.

Mdogo wako,
Orrin

West Plains
29 Novemba 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo huko uliko.

Kuna bwana anaitwa Orrin ameniandikia. Anasema Navi ndiyo malkia, kwa hiyo bastola anazijua, lakini yeye simjui. Anasema atakuja Jumamosi. Nimfungulie mlango?

Bastola nimezisafisha zote tatu kule kwa Hazel, kwa maji ya moto na sabuni, nikazipaka mafuta. Muulize Hazel. Nina njaa, Baba. Naomba sasa nile.

Binti yako,
Nadine