Vichwa Kumi na Viwili Vimelala

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Muhonja amerudi saa nne asubuhi na vitu vyake kwa mfuko wa karatasi. Mjukuu wangu amefutwa kazi ya kutunza kompyuta. Na aliyemfuta ni Mulongo, mdogo wangu wa tumbo moja, mwenye ile kliniki! Amesema mbele ya wafanyakazi wote kwamba Muhonja ameharibu kompyuta, ndiyo maana faili za wagonjwa hazifunguki na foleni imefika barabarani. Hakumwita kando. Mbele ya wote.

Hataki kula. Nimempikia mrenda, nimemlisha kwa mkono wangu, na ana miaka ishirini na sita. Mulongo nitampata.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimemkalisha anieleze polepole. Kumbe Mulongo alinunua kompyuta kubwa ya kujionyesha, ndani ina vichwa kumi na sita vya kufanya kazi. Lakini programu ya kuweka faili akataka ya bure. Na hiyo ya bure ina masharti — inatumia vichwa vinne tu, hata uipe mia. Kumi na viwili vimelala.

Hilo nalijua. Gikomba nilipouza mitumba, ulete wabebaji kumi na sita, mwenye ghala ameandika waingie wanne. Wengine watakaa nje wakinywa chai yako.

Muhonja alimwonya mapema. Akamwambia kuna programu nyingine, ya bure pia, isiyo na kipimo hicho. Ampe wiki mbili tu ahamishe faili. Mulongo akasema bure ni bure. Akabonyeza kukubali masharti bila kusoma.

Msomi mzima. Mimi herufi nilizipata ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka sitini na moja, na nasoma hata gazeti lililofunga nyama.

Alhamisi, 13 Novemba

Mulongo amekuja na sukari. Nilijua atakuja. Jumamosi tunapeleka mbuzi watatu kwa Mbithi, Luseno wa Mulongo amuoe binti yake Ndindi. Senje, shangazi wa bwana harusi, ni mimi. Senje asiposema, ndoa haisongi.

Nikamwambia arudi kliniki, aseme mbele ya wafanyakazi walewale kwamba kosa ni lake. Akasema watamcheka.

"Dada, usichanganye kazi na nyumba."

Nikamuuliza alimkemea Muhonja kama mfanyakazi au kama mtoto wa nyumba. Akainuka. Sukari ameondoka nayo.

Ijumaa, 14 Novemba

Luseno amepiga simu. Ananisihi nisikose Jumamosi. Huyu nilimbeba mgongoni mama yake akiwa mgonjwa. Nitaenda. Lakini baba yake simwachi.

Jumamosi, 15 Novemba

Niko jikoni kwa Mbithi, Shauri Moyo. Nimesema naenda kumeza dawa ya presha.

Mbuzi wamekubaliwa. Ndipo Mukai, nyanya ya Ndindi, mama wa rika langu, akanigeukia kwa upole.

"Senje, mtoto wetu akikosewa huko kwenu, nani atamsimamia?"

Mulongo akaanza kutazama viatu vyake. Ningeweza kusema yote pale pale — ulimi ulikuwa tayari. Nikasema swali hilo lianze kwa mwenye boma letu, Mulongo, mimi nitamalizia. Nikainuka.

Dawa nimeshameza. Kwa mlango namwona Mulongo amesimama. Amekohoa mara mbili. Hamwangalii Mukai. Anamwangalia Muhonja, aliyekaa nyuma ya kiti changu, na mtoto hajainamisha kichwa. Ameanza: "Kosa lilikuwa langu —"