Kilio Kilichowaita Majirani

Kawangware, Nairobi

Mama mpendwa,

Sauti ya komeo haijanitoka masikioni. Ni komeo la kawaida la mlango wa mabati, na aliyelifunga ni mimi. Lakini kwanza niambie, mguu wako unaendeleaje? Mvua imefika huko? Mimi mwili wangu ni mzima.

Ile opera niliyokueleza, mchezo wa kuimba mwanzo hadi mwisho, ina mwimbaji mmoja tu: mwanamke aliyeachwa na mumewe. Mtunzi aliniruhusu kuigeuza filamu kwa sharti kwamba sauti ya mtu mwingine isisikike humo. Mwimbaji wangu ni Atieno wa kwaya yetu, nasi tulipiga picha chumbani mwake, Mashimoni. Nilitaka aimbe akikunja nguo za mwanamume. Akaniomba nizilete kutoka kwingine. Sikuuliza kwa nini.

Kwenye wimbo wa mwisho sauti yake ilipasuka, kwa namna ambayo hatukuwahi kuifanyia mazoezi. Mara wanawake wa ploti, wapangaji wenzake, wakafika mlangoni, leso viunoni. Mama Ochi, jirani yake, alibeba sukari, kama aendaye kwa mfiwa.

"Afadhali amelia! Tangu huyo bwana abebe nguo zake Jumapili, huyu hajatoa hata chozi. Hebu toka kwa mlango, msichana."

"Ni wimbo tu, Mama Ochi. Tunashuti filamu."

"Wimbo gani huo? Sisi hatuna masikio?"

Atieno akanitazama. "Adhi, wacha tu waingie."

Nilikuwa nimeshasikia, Mama. Nilijua ni kilio chake. Lakini mwanga ulikuwa unaondoka dirishani, na lile sharti lilikuwa kichwani mwangu. "Tumalize kwanza," nikasema, nikafunga komeo. Akaimba hadi mwisho. Nje hakuna aliyesema neno, wala hawakuondoka. Kamera yangu haijawahi kunipa kitu kizuri kama kile.

Tangu siku hiyo Atieno hakushika simu yangu. Kila jioni nilikitazama kipande kile, na kila nilipokitazama kilizidi kuwa kizuri. Hilo ndilo lililonitisha.

Nisalimie nyanya, na shangazi muuza omena, na kaka fundi, mwambie redio aliyonitengenezea bado inaongea. Wasikie wote kwamba nawakumbuka.

Juzi nilinunua sukari nikaenda Mashimoni. Mama Ochi ndiye aliyenifungulia. "Umekuja na kamera?" Nikamwonyesha sukari tu mikononi. Akanisogezea kigoda karibu na jiko, tukakaa na wengine, mpaka Atieno akaniuliza, "Hiyo kitu bado iko?"

Nimekifuta, Mama. Nilikifuta kwenye simu palepale mbele yake, na niliporudi Kawangware nikafuta nakala iliyobaki kwenye kamera. Mtunzi nimeshamwandikia kwamba filamu yangu haina wimbo wa mwisho.

Wako wa tumboni,
Adhiambo