Kwa Baba, Fundi wa Ngazi za Niru

Baba yangu mpendwa,

Watu wa mtaa wetu wa Majengo bado wanakutaja kwa mambo mawili. La kwanza ni niru yako, ule uji wa saruji uliokuwa unaupaka juu ya sakafu na kuusugua kwa mwiko mpaka inang'aa kama sahani. La pili ni ile misimu ya mvua uliyokaa ukitazama ngazi za watu. Hili la pili wanalisema kwa sauti ndogo wakiniona. Nimeamua kuliandika mwenyewe, hadharani, kwa sababu wengi wanaolisimulia hawakuwepo, na mimi nilikuwepo.

Nyumba yetu uliinyanyua sana kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yanapita kiwanjani. Ikabidi mlango wa mbele uwe na ngazi tano. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuchotea maji, kisha nikakaa kando nikikutazama unavyosugua ngazi moja baada ya nyingine, unarudi nyuma, unainamisha kichwa uone kama mwanga unalala sawasawa. Ulipomaliza ulimwita mama. Alivua kandambili, akapanda ngazi moja kwa mguu mtupu, akashuka.

"Baba Stela, hapa mvua ikinyesha tutaumia."

"Mtatembea taratibu," ulisema. "Nyumba ya fundi ndiyo tangazo lake. Watu wakipita waone."

Mvua za kwanza zilipoanza mama alichana magunia ya mchele, akayatandika ngazi zote tano na kuyabana kwa mawe pembeni. Hukuyapenda. Ukirudi kutoka kazini ulisimama pale ukiyatazama kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni, lakini uliyaacha. Nyie wawili mlikuwa mnapatana hivyo, bila maneno mengi.

Kisha wakaja wajomba kutoka Usevya. Ulishawahi kunisimulia kwamba walipokupa mama walinung'unika, wakasema dada yao anaolewa na mtu wa kupaka saruji asiye hata na ng'ombe mmoja. Ulisimulia ukicheka, lakini hukuwa unacheka sana. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuiona nyumba. Asubuhi ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikaacha kidogo. Mama alikuwa jikoni, nyuma, akipika kuku na wali.

"Stela, mama, toa hayo magunia," uliniambia. "Watakuta nyumba kama ghala."

"Mama alisema yasitolewe kukiwa na mvua."

"Imeshaacha. Toa."

Nikayatoa. Nakumbuka yalivyokuwa mazito kwa maji. Nilibeba matatu, nikarudia mawili, nikayatupa nyuma ya choo. Ngazi zikabaki zimelowa, zinang'aa. Hukuchukua tambara ukazipangusa, wala mimi sikuchukua. Baba, tambara tu lingetosha.

Wajomba waliingia kiwanjani wakipiga hodi na kucheka. Mama akatokea mlango wa mbele kuwapokea, ameshika beseni la maji ya kunawa kwa mikono yote miwili. Hata kama ungekuwa umeweka kitu cha kushika pale pembeni, hakuwa na mkono wa kukishika. Alikanyaga ngazi ya pili kutoka juu. Sikumsikia akipiga kelele. Nilisikia beseni. Nilipofika alikuwa amelala chini kabisa, na mguu wake wa kulia umegeukia nje, namna mguu usivyogeuka.

"Magunia," alisema. "Magunia yako wapi?"

Mjomba mkubwa alikuwa amempakata kichwa. Akauliza, "Magunia gani?"

"Yalikuwepo ya kuzuia utelezi," ulisema. "Nimeyatoa mimi. Kwa mikono yangu."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, na mikono yangu bado ina maji ya yale magunia. Ulinitazama mara moja, kisha hukunitazama tena. Mjomba alikwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Ukayapokea yote. Mimi nikanyamaza.

Hospitalini walisema mfupa wa paja umevunjika juu, karibu na nyonga, na kwamba ingefaa apelekwe Tabora. Lakini maji yalikuwa yamekata reli, na barabara ilikuwa tope tupu. Kila asubuhi ulikwenda stesheni kuuliza. Kila asubuhi walikujibu, "Bado, fundi." Ulirudi wodini, ukakaa pembeni ya kitanda, ukamwambia mama, "Kesho." Walimfungia mguu kamba yenye uzito wa kuuvuta, akalala hivyo wiki baada ya wiki, akitazama dari. Treni ilipoanza kutembea tena, daktari alisema mfupa umeshaunga, umeunga vibaya, na kuuvunja upya asingeshauri. Mguu ulikuwa umekuwa mfupi. Ulimleta mama nyumbani, ukampandisha mgongoni kwenye ngazi zile zile, ukikanyaga kama mtu anayevuka mto.

Kesho yake ulichukua nyundo na tindo. Nilidhani utazivunja zote. Ulipiga magoti, ukachimba mistari midogo kwenye kila ngazi, karibu karibu, mpaka niru yote ikachubuka. Ukapima kimo cha kila ngazi kwa kipande cha kamba. Ukakuta ya chini kabisa ilikuwa fupi kuliko nyingine kwa upana wa vidole viwili, ukakaa pale muda mrefu umeshika ile kamba. Ukaijaza. Ukafunga bomba la chuma ukutani la kushikia. Mama alikutazama kutoka kwenye kiti chake barazani. Siku zote ulikuwa unaimba ukiwa kazini. Siku ile hukuimba.

Ulipomaliza kwetu ukaanza kwa watu. Ulikumbuka kila ngazi uliyowahi kuipiga niru mjini, ukazifuata nyumba moja moja na mfuko wako. "Naomba niziparue ngazi zako. Zinateleza." Katekista alikubali siku hiyo hiyo, ukachimba ngazi za kanisani mpaka jioni. Kuna mama mmoja alikubali kwa kukuonea huruma tu, nadhani. Wengi walicheka. Yule bwana wa mtaa wa Shanwe mwenye nyumba yenye duka mbele, ya ngazi saba, hakucheka.

"Fundi, wewe si ndiye uliyezitengeneza? Watu wanakuja kuzishangaa. Leo unataka kuniharibia?"

"Mzee, watu wataumia."

"Watembee taratibu."

Nilikuwepo, nilikuwa nimekubebea ndoo. Uliinamisha kichwa. Ulikwenda tena mara mbili, na mara ya tatu alikufungia mlango. Ndipo ulipoanza kukaa ng'ambo ya barabara, chini ya bati la fundi cherehani, kila mvua iliponyesha. Mtu akikaribia ngazi zile ulisema, "Taratibu. Shika ukuta." Akishuka, ulisema tena. Kazi zikapungua, kwa sababu nani atamwita fundi anayesema ngazi zake mwenyewe ni mbaya? Watu wakasema fundi kachanganyikiwa. Nilikuwa sekondari wakati huo, na niliona aibu. Naomba unisamehe, niliona aibu sana.

Mama alikuwa ananituma nikuchukue. Siku moja nilikukuta umelowa mpaka mabegani, kwa sababu bati lile lilikuwa dogo.

"Baba, twende nyumbani."

"Subiri yule mama ashuke."

Alikuwa na mtoto mgongoni na chumvi mkononi. Akashuka polepole, akivuta kitenge kisimfunike miguu. Akafika chini, akaenda zake bila kututazama.

"Ameshuka," ulisema. "Twende."

Na bado haikusaidia. Kuna bibi mmoja mwenye mkongojo ulimwonya, nilikusikia. Aligeuka kukusikiliza vizuri, mkongojo ukateleza, akaanguka mbele yako. Ulivuka barabara ukikimbia lakini hukuwahi. Alivunjika mkono. Mwenye nyumba akatoka, akakunyooshea kidole mbele ya watu wote: "Huyu ndiye anayewatisha wateja wangu mpaka wanaanguka." Jioni ulimwambia mama, "Nikisema wanaanguka, nikinyamaza wanaanguka. Nifanyeje?" Mimi nilikuwa chumba cha pili na vitabu vyangu, nikijua kwamba kuna neno moja ningeweza kulisema, la kukupunguzia hata mzigo mmoja tu, nikageuza ukurasa.

Ulianza kukohoa masika yaliyofuata. Hukuacha kwenda Shanwe mpaka miguu ilipokataa. Nilirudi kutoka chuo cha ualimu nikakukuta kitandani, mwepesi, umebaki macho. Nilikaa nawe siku tatu. Nilifungua mdomo mara nyingi nikuombe radhi ya magunia, nikaufunga. Ulizungumzia saruji ilivyopanda, ukaniuliza kama shule niliyopangiwa kufundisha ina ngazi na kama zina kitu cha kushika. Nikasema kitu cha kushika hakuna. Ukasema, "Waambie." Siku ya nne hukuzungumza tena.

Nimewaambia, baba. Mwalimu mkuu alisema ataandika barua wilayani. Watoto bado wanapanda na kushuka. Mvua ikianza naacha chaki, natoka nje nasimama pale chini mpaka darasa zima liishe kushuka. Walimu wenzangu wananitazama kama watu wa Shanwe walivyokutazama wewe.

Ulipozikwa, mjomba mkubwa alisimama akasema amekusamehe. Amekusamehe kwa kazi ya mikono yangu. Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nilikaa barazani karibu na mama, nikamwambia yote: kwamba magunia niliyatoa mimi, kwamba nilikuacha utukanwe na ndugu zake miaka yote hii, na kwamba nimekuzika bila kusema.

Mama hakushtuka. Aliendelea kuchagua mchele.

"Nilikuona," alisema. "Dirisha la jikoni linatazama choo. Nilikuona unayatupa. Kuku alikuwa anaungua, nikasema nitayarudisha nikishamgeuza. Kisha wakapiga hodi, nikasahau."

"Baba alijua kwamba uliniona?"

"Nilimwambia kule hospitali. Nilimwambia, usijitwishe peke yako, mimi nilimwona mtoto. Akaniomba nisije nikakwambia kwamba najua."

"Kwa nini?"

"Alisema, 'Mwache akue kwanza.'"

Basi nimekua, baba. Nina kazi, nina sauti ya kutuliza darasa la watoto sitini. Ninajua la kusema na nani wa kumwambia, nawe haupo wa kuambiwa. Nimemwandikia mjomba. Mama anasema haina maana tena, nimuache mzee wa watu, lakini nimeandika. Kwako sina la kufanya zaidi ya hili, kukiri mbele ya kila atakayesoma kwamba yale magunia hukuyatoa wewe.

Lala, baba. Huku kwetu mvua imeanza tena leo, na mama yuko ndani, hajashuka.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, uliyemwacha akue.