Redio Amenyamaza

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele zikufikie huko uliko. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho ulikohoa kwenye simu mpaka mbavu zikaniuma mimi. Huku tunasukuma siku. Miguu ya Mama inavimba kukipoa, na kitinda mimba wangu kang'oka meno ya mbele, akicheka utadhani babu yetu.

Kaka yetu Redio anaumwa. Si homa wala presha. Yule mtu tuliyempa jina hilo kwa kuongea hata mdomo ukiwa umejaa, siku hizi anashinda kutwa bila kutamka neno.

Kazi yake ya kupokea simu za dharura pale zimamoto unaijua. Mwezi wa tatu alipiga mwanamke, nyumba inaungua, yumo ndani na wanawe. Redio akawa naye kwenye simu: "Lala chini, dada. Gari linakuja." Gari likakwama kwenye foleni. Alisikia yote, mpaka kukawa kimya. Msimamizi akamgusa bega: "Pokea nyingine, simu zinaita." Akapokea, mpaka zamu ikaisha. Kesho yake akaenda tena.

Baadaye wakaletewa semina. Wakapewa soda, keki, na fulana za njano zilizoandikwa "Usinyamaze, Sema." Masikini, akaamini. Akamfuata mkuu wa kituo, akamweleza kwamba halali, na kila simu ikiita anamsikia tena yule mwanamke. Mkuu akamjibu kwamba kila mtu anachoka, na kama kazi imemshinda, wanaoitaka wamejaa tele. Kufika jioni, hata mlinzi wa getini alikuwa anajua habari zake.

Haikupita muda, simu ikaita katikati ya zamu, akavua hedifoni, akaziweka mezani, akaondoka. Mkewe alimkuta nyumbani ameketi kwenye sakafu ya bafu na sare zake, maji yanammwagikia.

"Nilimwambia gari linakuja," alisema. "Nilimdanganya."

Tulimpeleka hospitali. Daktari anasema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, unatibika, ila hauna haraka. Vidonge anameza. Kwa mshauri huwa anakwenda, ingawa mara nyingine anaishia mlangoni.

Mwenzake wa zamu, mama mmoja mtu mzima, huja kumtazama. Alimnong'oneza mkewe kwamba hata yeye anameza vidonge hivyohivyo, miaka sasa, na kazini anasema ni vya tumbo. Yeye na wenzake walimwomba mkuu kwamba mtu akishapokea simu ya namna ile apumzike kwanza, apate wa kuzungumza naye. Wakaambiwa litafikiriwa. Kilichofikiriwa ni hiki: Ijumaa Redio ameachishwa kazi, eti utoro. Bado hatujamwambia.

Ukimpigia, tafadhali usimwambie ajikaze kiume. Mama alimwambia hivyo, Redio akaenda kulala na viatu miguuni.

Jana nilikuwa namkatia kucha, akaniuliza, "Mdogo wetu atakuja lini?" Mwezi mzima huu, hilo ndilo swali pekee aliloniuliza. Omba ruhusa, mdogo wangu. Wakikunyima, omba tena.

Mama anakusalimu, na mkewe Redio pia. Nibusie wifi yangu na watoto. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu ukiwa mzima, mwili na roho.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.