Mke Wangu Kanikamata Nikibadilisha Maji ya Mwani

Mpendwa mshauri Bi. Chae, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika, maana mke wangu amefunga begi na limesimama mlangoni, na mimi mzee wa miaka sabini na moja nalizunguka lile begi kila nikienda chooni kama mtu anayekwepa mbwa wa jirani.

Majina nimeyabadilisha. Mimi niite Pil-ho, na mke wangu ni Mama Eun-sil, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Daejeon. Tunaishi Gijang, mji wa pwani, na huku kwetu mwanamke akijua kukaanga vikonyo vya mwani huna haja ya kumuuliza kama anajua kupika kingine, na Mama Eun-sil ndiye wa kwanza mtaani petu, si mimi ninayesema, hata wasiompenda wanasema. Vikonyo ananunua sokoni vikiwa vimefukiwa kwenye chumvi ya mawe, anavisuuza, anaviloweka kwenye beseni, anamwaga maji, anatia mengine, anamwaga tena, kisha anachukua kimoja anaking'ata kujua kama chumvi imetoka, akiridhika ndipo anavikata na kuvitia kwenye mafuta na kitunguu saumu, ufuta juu, na mimi hapo ni wali mabakuli mawili bila kuambiwa karibu.

Mwezi wa kwanza alishikwa na mafua makali, akalala wiki mbili, akaamka mzima, lakini chakula hakikuamka naye. Siku ya kwanza nilipotia vikonyo mdomoni nilidhani nimemeza bahari, machozi yakanilenga, na yeye kakaa mbele yangu, hali kitu, ananitazama mdomo tu, akaniuliza, "Vipi, Baba Eun-sil?" nami nikasema, "Vitamu, mama, vitamu kama kawaida," maana ningesemaje, mwanamke katoka kitandani juzi! Nikanywa maji ya shayiri vikombe vinne. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa, hadi nikaanza kumchunguza, nikaona kumbe hang'ati tena kikonyo, analoweka jioni mara moja, anaondoka, asubuhi anakaanga.

Basi nikajipa kazi. Kila akiloweka, mimi alfajiri najifanya nakwenda haja, naingia jikoni kwa kunyata, namwaga maji, natia mengine, nang'ata kimoja, namwaga tena, halafu narudi kitandani na vidole vya barafu navificha makwapani. Supu nayo nikawa naiongezea maji akigeuka. Tukaenda hivyo miezi minane, Bi. Chae, na kila mlo ananitazama mdomo na kuniuliza vipi, nami najibu vitamu, na sasa vilikuwa vitamu kweli, nikajiona mwanamume hodari.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa jeshini alifariki Daegu, nikaenda msibani siku tatu. Siku hizohizo Mama Eun-sil akakaanga bakuli kubwa akawapelekea wanawake wenzake kwenye nyumba ya wazee ya mtaa, ambako hula pamoja chakula cha mchana. Kuna mmoja pale, Bok-rye, ulimi wake hauna breki. Akatia mdomoni, akatema kwenye kiganja, akasema, "We Mama Eun-sil! Umetupikia mwani au umetuletea bahari nzima na samaki wake?" Mwingine akadakia, "Mbona mwezi jana ulituletea vizuri? Leo mzee hakuwepo nini?" Wakacheka, naye akacheka nao, akarudi nyumbani na bakuli lake limejaa. Haya nimeyasikia baadaye kwa watu, yeye hakuniambia neno.

Niliporudi akaloweka kama kawaida. Alfajiri nikanyata, nimekunja mikono ya shati, beseni nimeliinamisha, mara taa ikawaka. Kumbe kakaa kwenye kiti muda wote ananisubiri.

"Tangu lini?"

"Tangu mafua yako."

"Miezi minane! Miezi minane unanichezea shere mezani kwangu?"

"Lakini mama, vilikuwa vitamu kweli."

"Kwa mikono ya nani?"

"Nilikuonea huruma, Mama Eun-sil."

"Basi huruma yako ndiyo iliyonipeleka kwa Bok-rye."

Tangu siku hiyo hajapika, leo siku ya kumi, tunakula tambi za dukani kila mtu na bakuli lake, na beseni amelifunika kifudifudi nje ukutani. Jumapili anakwenda kwa binti yetu, na nilipomuuliza atarudi lini akasema hajui. Bi. Chae, nimemkosea nini mwanamke huyu? Wenzangu wakitiliwa chumvi nyingi wanapiga kelele jengo zima linasikia, mimi sikupiga hata moja! Miaka arobaini na minne ya ndoa, na yote niliyafanya kwa mapenzi. Nifanye nini asiondoke?

Pil-ho, Gijang

*

Kaka Pil-ho,

Pole sana. Naanza na pole kwa sababu nikianza na mengine nitaisahau. Mzee anayeamka alfajiri kutia mikono kwenye maji ya baridi ili mkewe asiaibike, wako wanawake wengi wangempokea huyo kwa vigelegele, na mimi ningekuwa mstari wa mbele. Mapenzi yako siyatilii shaka hata kidogo.

Sasa nikukaripie. Umeniandikia kurasa tatu, na jibu umeliandika mwenyewe usilione! Unasema aliacha kung'ata kikonyo. Kaka yangu, mwanamke aliyepika miaka arobaini na minne anasahau kung'ata? Hakusahau. Aling'ata, akakuta hakuna ladha yoyote, ulimi umekauka kama kipande cha kitambaa. Alijua kabla yako, akanyamaza, kwa sababu mpishi aliyepotewa na ladha anaogopa kulisema hilo hata peke yake. Ndiyo maana alikuwa hali, anakutazama mdomo. Wewe ulidhani anangoja sifa. Alikuwa anaonja! Alikuwa anaonja kwa uso wako, hakuwa na ulimi mwingine, na siku ile umemeza bahari machozi yakikulenga ukamwambia vitamu. Akakuamini. Akachukua bakuli lake, kifua mbele, akaenda nalo kwa watu.

Mimi simsafishi yeye moja kwa moja. Mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye alificha. Mlikuwa wawili jikoni, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lilelile, na mngesemezana mwezi wa kwanza msingefika kwa Bok-rye. Lakini yeye hakuniandikia. Umeniandikia wewe.

Kwa hiyo sikiliza. Begi usiliguse, na binti yenu usimpigie simu amsihi mama yake, hayo ni mambo yenu wawili. Piga simu hospitali leo, uliza daktari wa pua na koo, chukua nafasi na uandike tarehe mahali atakapoiona. Ladha iliyopotea kwa mafua mara nyingine hurudi, mara nyingine hairudi, na mwenye kusema ni daktari, si wewe, si mimi, wala si yule mwenye ulimi usio na breki. Kisha Jumamosi nenda sokoni, nunua vikonyo, linyanyue lile beseni na uviloweke mchana kweupe yeye akiwa hapohapo. Ng'ata kimoja, useme kwa sauti, "Bado, chumvi tupu." Mwaga maji. Ng'ata tena, useme tena. Usimwombe apike, na lile la "nilifanya kwa mapenzi" usilirudie, maana analijua na ndilo linalomchoma. Akikunyang'anya kisu kwa sababu unakata vibaya, mpe upesi, na ubaki palepale karibu na jiko uwe unaonja na kumwambia ukweli, hata ukiwa mchungu.

Na kama Jumapili atashika begi lake, mbebee mpaka stesheni bila kununa. Ila kabla hajatoka mlangoni, mwombe radhi kwa kosa lenyewe. Si kwa maji, kaka. Mwambie, "Uliniuliza siku ile, nikakudanganya." Ukishasema hayo funga mdomo, usijitetee, mwache na yeye akueleze jinsi alivyoogopa miezi yote hii minane.

Bi. Chae