Auleria Yuko Bunju

Jumapili, 8 Juni

Leo nimekula kwa Wataliano. Mie! Kunduchi, kwa akina Edgar, mchumba wa dada Adelina. Shati nimeazima kwa Daniel wa chumba cha pili. Linabana kwapani, sijainua mikono siku nzima.

Hoteli yao siyo kubwa. Meza chache, mchanga mpaka mlangoni. Wanaiendesha wenyewe — Mzee Renato anapika, mkewe Mama Koku, Mhaya, yuko kaunta, Edgar mtoto wao anahudumia wateja. Mfanyakazi mmoja tu, Wilfred. Na kwenye kona kuna Nona. Nona maana yake bibi, ni mama yake Mzee Renato. Kiswahili hajui. Anashika fimbo anaangalia watu. Kama mie tu.

Tumekula tambi na pweza. Tambi hazikatwi, unazizungusha na uma. Zangu zimenitoroka mpaka mapajani! Edgar kacheka, ila siyo kwa dharau. Nikamwambia samahani kaka. Kaninong'oneza: usiniite kaka mbele ya Nona, kwao kaka ni mavi. Dada kacheka mpaka machozi. Sijamwona anacheka hivyo toka mama afariki.

Halafu Nona kamwangalia dada, kasema sposa. Mie nikasikia posa. Nikasema moyoni, posa? Mbona hamjaleta hata barua? Edgar kasema hapana, sposa ni bibi harusi. Tukacheka tena.

Nona hakucheka. Kamnyooshea dada fimbo, kasema: Auleria. Halafu kagusa midomo yake na vidole. Anaigusagusa, kama mtu anatafuta kama bado ipo. Auleria, Auleria. Mama Koku kanyanyuka, kaongeza sauti ya redio.

Wakati wa kunawa nikamuuliza Wilfred, Auleria ndo nani? Kaangalia jikoni kwanza. Kasema, "Mchumba wa mwanzo wa Edgar. Bunju." Basi. Kabeba sahani kaondoka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia dada. Alikuwa anapiga pasi. Kasema anajua Edgar alikuwaga na mtu, ila ukimuuliza anasema usinirudishe huko. Nikamwambia huyo mtu yuko Bunju.

"Bunju si hapo tu! Asije akatutokea harusini na madebe!"

Kacheka. Mie nimecheka kidogo.

Ila ile midomo.

Jumatano, 11 Juni

Dada karudi kutoka Kunduchi ana furaha. Jumapili ya tarehe 22 ni siku yake. Ni mila ya kwao Mzee Renato — mwanamke anayeingia kwenye ukoo anapika supu ya samaki ya ukoo, mwenyewe, kwa mikono yake. Ikiiva wanakaa wote mezani, hakuna anayegusa kijiko. Anaonja yeye kwanza, anameza, ndo wanapiga makofi. Hapo ameshakuwa wa nyumbani. Hata Mama Koku alifanyiwa hivyo.

Supu inaitwa brodeto. Dada anaitamka jikoni kwetu Tabata mpaka majirani wameijua.

Kuna samaki mmoja lazima awemo. Koda. Maana yake mkia. Mzee anasema samaki huyo kwao kichwa chake kibaya kama shetani, mnunuzi akikiona anakimbia, kwa hiyo wanauza mkia tu umeshachunwa ngozi. Huku alitafuta miaka hakupata. Sasa kuna jamaa anamletea.

Nikamuuliza, wewe umemwona huyo samaki mzima? Kasema, "Lusu, sisi watu wa Songea tunajua samaki gani? Dagaa wa Nyasa!"

Kweli.

Ijumaa, 20 Juni



Sokoni Mabibo sikupata mizigo ya kubeba, dada akanituma nipeleke nyanya na ndimu Kunduchi. Nimefika, Edgar kanipa ndoo, kasema kachukue pweza kwa Shomari pale mnadani. Shomari ni mtu mzima, anapara samaki chini ya turubai na wenzake. Nikamwamkia. Kaniuliza unapeleka kwa nani. Nikasema kwa Mtaliano, dada yangu anaolewa pale.

Kasimamisha kisu.

"Naye atapikishwa ile supu?"

Nikasema ndiyo, Jumapili.

"Mdogo wangu, kwani wewe hujasikia habari ya Auleria?"

Nikasema nimesikia. Yuko Bunju.

Wote wakaangua kicheko! Mmoja kadondosha samaki. Nikaona aibu, nikaangalia chini. Halafu wakaacha kupara. Wote kwa pamoja, kama wamezimwa.

Shomari kasema, "Bunju gani wewe! Bunju samaki. Yule binti kauawa na bunju."

Sikujua kama bunju ni samaki. Mie najua Bunju ya mabasi. Kanishika mkono kanipeleka pembeni, kuna watoto walikuwa wanapiga mpira. Siyo mpira. Ni samaki kavimba, miiba mwili mzima, mdomo una meno kama ya mtu. Wavuvi wakimkuta wavuni wanamtupa, hata paka hagusi. Lakini akikatwa kichwa akachunwa, unabaki mkia mweupe, mnono kama paja la kuku, hauna hata miba ya ubavuni. Nani atajua?

Nikamuuliza kama yeye ndo anamuuzia mzee. Kasema niue mie? Kuna jamaa analeta mfuko, umeshachunwa. Mzee alitaka mkia mweupe usio na kichwa, jamaa kamletea mkia mweupe usio na kichwa.

Nikauliza mtu anakufaje. Kasema inaanza midomo. Inatekenya, inakufa ganzi. Halafu ulimi, mikono, miguu. Mwisho pumzi. Akili inabaki nzima, anakusikia unavyomlilia. Auleria alikuwa kashikwa na yule bibi kizee. Wengine mezani walipona kwa sababu walikuwa hawajagusa — walikuwa bado wanapiga makofi.

Shomari alienda kumwambia mzee. Mzee kamfukuza, eti unanifundisha samaki mie? Wakasema ni aleji.

Pweza nimepeleka. Edgar kasema asante shemeji. Mie nimeitikia tu. Nimeitikia tu!

Jumamosi, 21 Juni

Nimemwambia dada. Nilianza asubuhi nikashindwa, nikaenda kuchota maji, nikarudi, nikashindwa. Saa ya chakula ndo maneno yametoka, tena kwa kigugumizi.

Kanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Kasema, "Una wivu, Lusu. Unaogopa nitakuacha. Chumba chako kule kipo, nimeshawaambia."

Nikasema siyo hivyo.

Kampigia Edgar, kaweka sauti ya nje. Kamuuliza Auleria alikufa na nini. Edgar kasema ilikuwa aleji. Baba aliapa haikuwa samaki. "Kama ni samaki, Ade, basi baba yangu ndo kamuua. Unataka nikae naye vipi?"

Dada kalia. Kampa pole. Baadaye mzee mwenyewe kachukua simu, kasema bene bene, yaani sawa sawa, kama binti anaogopa atapika kolekole tu.

Basi. Kolekole namjua. Nimelala mchana kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Hii naandika kwenye simu. Niko chooni kwao.

Dada alikuwa jikoni toka asubuhi, kafunga kitambaa cheupe, kapendeza. Anapika anaonja, anaongeza chumvi anaonja. Mie nilikaa mezani napekua kwa macho. Sufuria limekuja. Kolekole yumo, kichwa chake nimekiona. Pweza yumo.

Na mikia ipo. Mitano. Myeupe, minono kama paja la kuku.

Nimemwangalia mzee. Anatabasamu machozi yanamlenga, kasema supu ya mama yangu bila koda siyo supu, kidogo tu nimeweka, kwa heshima. Edgar kaangalia sahani. Mama Koku kafanya ishara ya msalaba haraka, hakuna aliyeona, mie nimeona. Nona kanyanyuka na fimbo, kasema sposa no, sposa no. Wilfred kamkalisha.

Nikasimama. Wote wakageuka. Dada na kijiko mkononi, ananiangalia. Maneno nilikuwa nayo hapa kooni. Nikasema:

"Naomba... choo kiko wapi?"

Choo! Wakacheka. Edgar kanionyesha.

Naandika nitakachosema ili nikitoka nisome tu, nisiangalie sura ya mtu. Dada usile hiyo. Huyo siyo koda. Huyo ni bunju. Twende hospitali sasa hivi kwa sababu ulikuwa unaonja.

Namsikia dada hapo nje. Anasema jamani pilipili ya kwenu ya ajabu, haichomi. Inatekenya. Toka saa ile jikoni midomo kama ina siafu.

Wanacheka. Mzee anasema pepe, pepe, pilipili ya kwetu.

Nona hacheki. Anagonga meza na fimbo. Anagonga tu.

Kitasa nimeshika. Dada usile hiyo. Dada usile. Da

Makofi